Huyu si mgeni

Swali lenu la wiki hii ni hili: mtu akirudi nyumbani baada ya kukaa ugenini muda mrefu, ni kitu gani humwia kigumu kukizoea tena? Nililisoma kwa sauti huku shangazi yangu akipepeta mchele, akajibu kabla sijamaliza: "Wewe ni mikono. Mikono yako haijui ikae wapi." Kwa hiyo jibu ni lake, mimi naongeza maelezo tu.

Nilikuwa Bremen, kaskazini mwa Ujerumani, kuanzia Septemba 2023 hadi mwanzoni mwa Septemba 2024, nikijitolea katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamani kule kijana aliyekataa kushika bunduki alipelekwa kutumikia hospitali na nyumba za wazee badala ya jeshi. Mwaka 2011 waliposimamisha jeshi la lazima, vijana hao nao wakakatika, ndipo ukaanzishwa utaratibu wa kujitolea kwa hiari, na sisi wa nje tunapokelewa pia. Unapewa pa kulala, bima, posho ya sabuni na vocha, na siku 25 za semina. Mshahara hakuna.

Hapo kwenye "mshahara hakuna" ndipo nilipoanza kuonekana mwongo. Siku niliyorudi nilishuka basi Mokowe, nikapanda boti. Pale gatini Lamu, hamali anayenijua tangu utoto alilipima begi langu kwa mkono mmoja, akaliweka chini, akanitazama. "Mwaka mzima Ulaya, na uzito ni huu?" Nilipofika Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome, habari ilikuwa imeshatangulia. Barazani wako waliosema nimefukuzwa, na wako waliosema pesa ninazo ila naogopa kuombwa. Rafiki mmoja aliniita kando akaniuliza kwa upole kama nilikuwa jela. Kwetu mtu hujitolea kuchimba kaburi, au kupika pilau ya arusi ya jirani. Kupanda ndege ukajitolee kwa matajiri ni kichekesho, na sikatai, kichekesho kimo. Tumezoea wao ndio waje kwetu, wapake shule rangi, wapigwe picha na punda.

Bibi peke yake aliuliza mara moja akaridhika.

"Wamekulipa?"

"Hawakunilipa, bibi."

"Basi ni thawabu. Wache waseme."

Katika semina ya mwisho mkufunzi alikuwa ametuchorea herufi W ubaoni. Ni mchoro wa wataalamu wawili wa Marekani, mtu na mkewe, akina Gullahorn, wa mwaka 1963: ukienda ugenini unafurahi, unaporomoka, unazoea, ukirudi kwenu unaporomoka upya, kisha unapanda tena. Niliunakili vizuri kwenye daftari. Kwa hesabu yangu nilikuwa na wiki kadhaa za furaha kabla ya mporomoko. Sikupata hata siku moja.

Bibi alikuwa ameanguka mwezi wa Aprili, akavunjika nyonga. Hakuna aliyeniambia. Kila nilipopiga simu walimpa azungumze nami, naye huku amelala chali akiniambia yuko kiwandani anachambua mchicha (kwetu Lamu kiwanda ni ua wa ndani wa nyumba, si mahali pa mashine). Hawakutaka kunitia simanzi. Nawaelewa, lakini mpaka leo sijawasamehe sawasawa. Miezi yote hiyo mimi nilikuwa nikiwageuza vitandani bibi za watu wengine.

Kazi yenyewe nilifundishwa na wauguzi, na zaidi na bibi wa chumba namba 14. Yeye ndiye aliyenizoeza kuosha mikono kwa maji ya moto kabla ya kumgusa, maana baridi ya vidole vyangu ilimtoa usingizini. Kila kitu kiliandikwa: glasi ya maji aliyokunywa, saa aliyogeuzwa, amegeuzwa upande gani. Wiki ya kwanza nilimwita "Oma", yaani bibi, kwa heshima zote nilizolelewa nazo. Msimamizi akaniita ofisini. Mzee wa kule huitwa kwa jina la ukoo; ukimwita bibi na huna udugu naye, umemfanya mtoto. Nilitoka pale nimenywea. Ikawa adabu niliyotoka nayo kwetu ni utovu wa adabu, na kumwita mtu mzima kwa jina lake, jambo ambalo nyumbani lingenipatia kofi, ndiyo heshima.

Ramadhani ilinikuta huko. Jumapili ya tarehe 31 Machi 2024 ilikuwa Pasaka, na usiku wake saa zilisogezwa mbele kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka. Jumamosi nilikuwa nimefuturu kabla ya saa moja. Jumapili ikawa karibu saa mbili. Bibi wa namba 14 aliniwekea yai la Pasaka lililopakwa rangi nyekundu, akakaa dirishani akilinda jua lizame, na saa moja ilipopita jua bado liko aliilaumu serikali kwa kuchelewesha chakula changu. Sikuwa na Kijerumani cha kutosha kumweleza kwamba mimi nafuata jua, sifuati saa ya ukutani. Nilikula yai lile kwa tende.

Basi nikarudi na mikono iliyosomeshwa, na mikono hiyo ikazuiwa kwenye pazia. Bremen niliwaosha wanawake ambao hata jina lao la kwanza sikulijua. Hapa bibi aliyenilea akitaka kubadilishwa nguo, mimi mjukuu wa kiume naambiwa nikatazame maji jikoni. Sisemi wanakosea. Bibi ana haki ya kuchagua nani amwone, na hata kule mzee akimkataa mhudumu wa kiume alisikilizwa. Lakini ukishajua kazi ya mtu kugeuzwa, masikio huanza kuona. Nilisikia shangazi akimnyanyua kwa makwapa, nikasikia bibi akigumia, kisha shangazi naye akishika kiuno chake mwenyewe.

Wiki ya pili shangazi akatoka chumbani, akasema pana doa juu ya nyonga. Nikamwuliza nikiwa nje ya pazia: "Pako vipi?"

"Pamekuwa peusi kuliko pengine."

"Weka mgongo wa mkono. Pana moto?"

Kimya. "Pana moto."

Kwa ngozi yetu wekundu hauonekani upesi kama kwa Wajerumani; ni ule moto ndio unaosema kwamba kidonda cha kulalia kinapika chini. Nilimwambia asipasugue, bibi asilalie upande ule tena mpaka pakae sawa, na ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Shangazi akacheka kwa uchungu. "Nani huyo wa kumgeuza saa nane za usiku? Wale wako walikuwa na zamu. Mimi niko peke yangu."

Hapo ndipo nilipolala mkekani. Sikuwa na njia nyingine ya kufundisha. Nilijilegeza nikawa bibi, shangazi na binamu zangu wawili wa kike wakanigeuza. Mara ya kwanza walinivuta kama gunia la chumvi. Kule tulikuwa na shuka maalumu ya kumtelezesha mgonjwa. Hapa tulichukua leso, tukaikunja mara moja, tukaitandaza chini yangu kuanzia mabega hadi mapajani, tukailainisha isibaki hata mkunjo mmoja. Mmoja ashike pindo huku, mwingine kule, goti moja likunjwe, wahesabu, wavute pamoja. Mto nyuma ya mgongo, mto chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mara ya tano nilienda ubavuni bila kusikia kitu. Binamu mdogo aliniambia nikiwa bibi nina adabu kuliko nikiwa mimi.

Ratiba tukaibandika nyuma ya mlango. Zamu ya usiku wa manane ni yangu: naamka, nagonga mlango, nawaamsha wao, nageuka nikatazame maji. Kazi yangu imekuwa saa ya kuamshia watu. Doa liliisha kabla ya Maulidi, nyumba ikiwa imejaa wageni hadi ukumbini, na mimi nalala juu ya paa.

Siku ya kwanza ya kugeuzwa kwa leso, bibi aliinua kichwa akaisoma. Ilikuwa na jina *Mgeni njoo, mwenyeji apone*. Shangazi aliichagua makusudi, nadhani kunifurahisha.

"Toa hiyo," bibi akasema.

"Kwani ina nini?"

"Huyu si mgeni."

Ikatafutwa nyingine, ya maua, isiyo na maneno ya kubishania.

Siku hizi baada ya alasiri, akishalazwa ubavuni akielekea dirishani, huniita kwa Kiamu chetu (ndoo ni njoo, yeo ni leo). "Ndoo, mwanangu. Yule mwenzangu wa Ulaya yeo u hali gani?" Nilimweleza kwamba nilipiga simu mara mbili, na kwamba wahudumu hawaruhusiwi kutoa habari za mzee kwa mtu asiye jamaa yake. Sheria yao ni hiyo.

"Ulimwosha mwaka mzima, nawe si jamaa?"

"Si jamaa, bibi."

Alifikiri kidogo. "Lakini saa hii wameshamgeuza?"

Nilitazama saa. Kwao wako nyuma yetu kwa saa moja wakati wa kiangazi, mbili wakati wa baridi.

"Wameshamgeuza, bibi. Wameandika na upande."