Kupima latensi ndani ya nchi: anza na laini, mji baadaye

Mkuu, umeuliza seva ya mfumo wa mauzo iwekwe wapi, maana ofisi kuu iko Mwanza na matawi yako Geita, Bukoba, Nansio (kisiwani Ukerewe) na Dar, na zile tovuti za kupima latensi (muda wa data kwenda na kurudi, kwa milisekunde, yaani ms) zinakupa majibu ya Johannesburg na London tu. Hayo achana nayo. Ila hata ukipata mtu wa kukupimia kila mji bado utapotea, kwa sababu hapa kwetu laini unayotumia (faiba, au 4G ya kampuni gani) inaamua latensi kuliko mji uliopo.

Chukua simu mbili juu ya meza moja pale Kirumba, kila moja na mtandao wake. Data ikitoka moja kwenda nyingine, mara nyingi inashuka mpaka Dar: kila kampuni hutoa data ya simu kupitia geti lake kuu, na kwa kawaida geti hilo liko Dar. Huko inavukia TIX (kituo ambapo kampuni za intaneti za Tanzania hubadilishana data) au kiungo cha kampuni zenyewe, ndipo ipande tena Mwanza. Ndiyo maana hata IP (anwani ya mtandao) ya mtu aliyeko Bukoba huonekana iko Dar. Kwa hiyo orodha yako ya vituo iwe ya mji pamoja na laini: Geita faiba, Geita 4G ya mtandao huu, Geita 4G ya mtandao ule.

Kabla ya kupima, jua sakafu, yaani latensi ya chini kabisa inayowezekana. Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama km 200,000 kwa sekunde, yaani kila km 100 za njia zinakula ms 1 kwenda na kurudi. Mwanza hadi Dar kwa barabara ni kama km 1,150, hivyo kwa njia hiyo usitegemee chini ya ms 11. Ukipata 15 hadi 25 kwa faiba, tulia. Kwa 4G ongeza makumi kadhaa ya mnara wenyewe. Ukiona 150 na zaidi kwenda seva iliyoko Dar, na inakaa hapo hapo usiku na mchana, huenda pakiti (vifurushi vya data) zimepelekwa Ulaya zikarudi. Hilo ni suala la kampuni mbili ambazo hazijaunganishana humu nchini, na kubadili ruta ya ofisini hakutasaidia kitu.

Shabaha (seva mnayoipima) iwe moja kwa wote, tena IP na siyo jina. Jina la tovuti iliyo nyuma ya CDN (mtandao wa seva nyingi zenye nakala za tovuti moja) linaweza kumpa mtu wa Bukoba seva tofauti na ya mtu wa Dar, halafu mnalinganisha vitu viwili. 8.8.8.8 (ile IP ya Google) nayo haikufai: iko sehemu nyingi duniani na unajibiwa na iliyo karibu kimtandao. Kodi VPS (seva pepe ya kukodi) ndogo kwa kila mahali unapofikiria kuweka mfumo (Dar, Nairobi, Johannesburg), upime zote.

Kwa kila kituo inatosha Raspberry Pi (kompyuta ndogo) kwa waya, au simu kuukuu ya Android yenye Termux (programu ya kuandikia amri). Andika faili ya skripti yenye mistari hii, ukiweka IP ya VPS yako:

date +%FT%T >> latensi.txt
ping -n -q -c 20 -i 1 203.0.113.10 >> latensi.txt

Iite na cron (kipanga ratiba cha amri) kila dakika 10. Usiandike hiyo date moja kwa moja ndani ya crontab (faili ya ratiba hiyo), alama ya % huko ina maana nyingine na amri itakatika. Kwenye simu washa termux-wake-lock, la sivyo Android itaiua usiku. Bando lisikutishe: pakiti ni baiti 84, kwa siku ni kama nusu MB kwenda na kurudi kwa kila shabaha. Na tafadhali, saa iandikwe na mashine. Ukiwaachia watu, mmoja ataandika "saa 3" akimaanisha 09:00, mwingine 15:00, na jedwali lote limeharibika.

Pima siku 7 kamili, saa zote 24. Huku kwetu radi na mvua za ziwani hupenda usiku kuelekea alfajiri, na anayepima saa za kazi tu hazioni.

Wastani usiutazame sana; angalia min na max (muda mfupi na mrefu zaidi) kwenye majibu ya ping. Min ikiruka, tuseme kutoka 24 hadi 160, njia imebadilika. Min ikibaki 24 huku max ikifika 400, njia ni ile ile ila kuna foleni mahali. Hapo ndipo Nansio itakusumbua kama mnara wake unalishwa kwa maikrowevu (redio ya mnara hadi mnara) inayovuka maji. Wimbi la moja kwa moja na lile linaloakisiwa na uso wa ziwa hukutana kwenye antena, na yakikutana kinyume yanafutana. Tabaka za joto na unyevu juu ya maji hubadilika kwa saa, basi redio inapunguza kasi ili isikate, foleni inajaa, ms zinapanda. Kuhamisha seva hakutibu hilo. Kama kisiwani ni VSAT (intaneti ya dishi la setilaiti) ya kawaida, setilaiti iko km 35,786 juu, unaanzia kama ms 480 kabla ya kitu kingine. Huko mfumo uweze kuuza bila mtandao na kutuma baadaye.

Njia yenyewe itazame kwa mtr -n -r -c 100, amri inayoonyesha kila ruta njiani na pakiti zinazopotea. Hatua ya katikati ikionyesha upotevu wa 60% lakini ya mwisho 0%, puuza. Ruta hiyo haioni haraka ya kujibu ICMP (pakiti za kupima kama za ping). Upotevu ulioanza mahali ukaendelea mpaka mwisho ndio wa kweli. Endesha pia toka VPS kurudi ofisini, njia ya kurudi mara nyingi ni tofauti.

Globalping na RIPE Atlas, huduma za kupima mtandao toka sehemu nyingi, zote zinakuruhusu kuchagua vituo vya Tanzania, nzuri kwa picha ya haraka, ila kituo kilicho ndani ya kituo cha data hakioni mnara wala Wi-Fi ya tawi lako.

Ukishapata mtr za pande zote mbili ziweke hapa, futa namba ya mwisho ya IP zako.