Kutoka Kiingereza cha kuombea maji hadi "expert": namna ya kusema unajua kiasi gani

Mdogo wangu wa Arua, umegusa jambo lililowahi kuniaibisha mbele ya watu, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa urefu. Umesema una diploma ya uhasibu, unaandika barua ya kuomba kazi, na kila ujuzi ulio nao umegeuka kuwa "I know very well": uhasibu very well, kompyuta very well, halafu Kifaransa "I know small". Unatafuta maneno ya kutenganisha unachokijua sana na unachokijua juu juu.

Kisa changu kwanza. Mwaka 2011 niliomba kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya. Nilikuwa nimesoma kozi fupi, nikaongeza miezi mitatu ya kubeba mafaili ya watu kutoka dirisha hadi dirisha. Kwenye sivii nikaandika "I am an expert in customs procedures". Neno expert nililipenda, lina uzito mdomoni. Mzee mwenye ofisi akalisoma, akavua miwani, akauliza: "Bwana expert, namba ya bidhaa kwenye kitabu chetu cha ushuru ina tarakimu 8. Mbona 6 za mwanzo zinafanana na za India?"

Nikatazama dari.

Jibu leo nakupa nikiwa usingizini: zile 6 ni za HS, mfumo wa kupanga bidhaa kwa namba unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani kule Brussels, na nchi zinazoutumia zinakubaliana hadi hapo. 2 za mwisho tunaziweka wenyewe, Jumuiya ya Afrika Mashariki. Siku ile sikujua hata kwamba kuna swali la namna hiyo. Mzee akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Ungeandika familiar, ningekuuliza faili linaanzia dirisha gani, na ungejibu vizuri. Swali hili umeliita mwenyewe." Kazi alinipa, lakini ya kubeba mafaili.

Tangu hapo, kabla sijaandika neno la kupima ujuzi wangu, najiuliza litaniletea swali gani.

Tuanze chini kabisa. Sisi tunasema fulani ana Kiingereza cha kuombea maji, yaani kinamtosha kiu tu. Waingereza wana "a smattering of": "I have a smattering of French". Ni neno zuri la kuongea, ila kwenye barua ya kazi ni kama kujicheka. Andika "basic French", inatosha. Na kama Kifaransa ulikisoma kweli, ukakiacha, basi hukijui kidogo: kimeshika kutu. Wao nao wanaona kutu hiyohiyo, "my French is rusty". Hayo ni mambo mawili tofauti, maana kutu inasuguliwa ikatoka, na mwajiri anajua.

Hatua inayofuata ni "familiar with". Umekigusa kitu, umekiona kikifanya kazi, hutapotea ukiachwa nacho. Lakini chunga hicho kijineno cha nyuma. "I am familiar with QuickBooks" ni wewe unayeijua hiyo programu ya uhasibu. Ukiandika "I am familiar to QuickBooks" umesema programu ndiyo inayokufahamu wewe. Nimesoma barua ya namna hiyo kwa macho yangu, na ofisi nzima ilipata kicheko cha wiki.

Halafu kuna kipenzi chetu Uganda, "conversant with". Fungua tangazo lolote la kazi hapa kwetu, hukosi kulikuta. Liko juu kidogo ya familiar: unaielewa kazi na taratibu zake, si sura tu. Sisi tumezoea kulitia "well" mbele, "well conversant", ambalo sikio la Mwingereza linalisikia kama shati lililofungwa kifungo kisicho chake. Yeye husema "fully conversant with". Kosa jingine limezaliwa humohumo. Kwa kuwa conversant inachukua with, tumeipa na jirani yake: tunaandika "well versed with". Sahihi ni "well versed in". Hata mabosi wanakosea hapo, kwa hiyo usimsahihishe anayekuhoji.

Neno ninalolipenda kuliko yote ni "a working knowledge of". Linasema: najua kiasi cha kuifanya kazi nisikwame, ila msiniite nitoe mhadhara. Ni neno la mtu mwenye mikono. Ukiona una zaidi ya hapo, ongeza "good": "a good working knowledge of". Hapa pana kituko cha sarufi kinachotusumbua wengi. Knowledge haina wingi, hakuna "knowledges", kwa hiyo tunadhani haiwezi kuchukua "a". Inachukua, ukishaipa sifa mbele: "a good knowledge of tax law". Na baada yake ni of. "Knowledge on" tunaiandika sana huku; iache.

"Proficient in" ni la mtu aliyekwisha kupimwa, kwa mtihani au kwa kazi, akaonekana anaweza. Usilitumie kwa programu uliyojifunza kwa video mbili. Juu yake ndiyo expert, na juu ya expert kuna "an authority on", ambalo mtu hajiiti mwenyewe hata siku moja. Linasemwa na wengine, kama vile sisi tusivyojiita gwiji.

Ukitaka kipimo cha nyumbani, chukua zile alama za UNEB, baraza letu la mitihani Uganda, tulizokulia nazo kabla ya mtaala mpya kuleta herufi. Mimi huweka expert kwenye D1, proficient D2, good working knowledge kwenye C3 na C4, conversant C5 na C6, familiar P7, na Kiingereza cha kuombea maji P8. F9 huiandiki kabisa. Ni ngazi yangu ya kichwani, mwalimu wa Kiingereza anaweza kuipinga. Lakini hata wenye IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wana ngazi yao yenye majina: 9 ni "expert user", 6 "competent user", 5 "modest user", 4 "limited user". Ona expert walipoiweka. Mimi wa miezi mitatu nilikuwa nimejiketisha kwenye kiti cha 9.

Jihadhari na "quite". Mmarekani akikuambia "quite good" anakusifu. Mwingereza akisema hivyohivyo mara nyingi anamaanisha si mbaya, inapitika. Kwenye barua usiiguse, humjui atakayeisoma.

Na "know" yenyewe usiitupe, ina tabaka zake. "I know him", tunafahamiana. "I know about him", nina habari zake. "I know of him", jina nimelisikia, basi. Ukisema "I know of accounting" umejimaliza.

Dogo dogo nyingine: ni "good at accounts", wala si "good in". "Fluent" ni ya lugha; "fluent in accounting" labda kwa utani. "A good command of" nayo inakaa vizuri zaidi kwenye lugha, "a good command of English".

Sasa barua yako. Umetaja kwamba umefanya hesabu za duka la vifaa vya ujenzi kwa miaka miwili na kila mwezi ulikuwa unalinganisha daftari la duka na taarifa ya benki. Hicho kitu umekizika chini kabisa, juu ukaweka very well. Kipandishe. Mimi ningeandika hivi:

"I have a good working knowledge of bookkeeping: for two years I kept the accounts of a hardware shop and did its monthly bank reconciliation. I am familiar with QuickBooks. My French is basic."

Hamna hata very moja. Na angalia swali ambalo barua hii inaliita: utaulizwa ulifanyaje pale daftari lilipokataa kulingana na benki. Hilo utalijibu hadi chai ipoe, kwa sababu ulilala nalo. QuickBooks ukiulizwa, utasema umeitumia wapi na uliishia wapi, na hakuna atakayekushangaa.

Kitu cha mwisho, na hiki hukukiuliza. Umeandika lugha zako: Kiingereza, Kilugbara, na hicho Kifaransa cha P8. Kiswahili hukukitaja, wakati swali lako lote umeliandika kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi huku mpakani. Sijui kwa nini vijana wetu wanakificha kama lugha ya kambi za askari. Andika "fluent in Swahili", hiyo umeilipia. Ukija kuomba kazi upande huu, dereva aliyetoka Mombasa na treila la futi arobaini hatakuwa na haja na Kifaransa chako.