Kuuza Mapishi ya Asili ya Watu Wengine: Wizi Uko Wapi?

Kila nikitoa kijitabu kipya cha mapishi, kuna anayeniuliza: kuuza mapishi ya jamii nyingine si kuwaibia utamaduni wao? Jibu langu huwaudhi wa pande zote mbili. Kupika, kufundisha na hata kuuza si wizi. Wizi huanza pale unapojifanya mwenye mali, kisha ukamfungia mlango aliyekufundisha.

Tazama kisa cha teff, nafaka ya Waethiopia tangu zama za kale. Mwaka 2005 kampuni moja ya Uholanzi ilifunga mkataba na Ethiopia wa kuitumia na kugawana faida. Mwaka 2007 ikapewa hataza ya Ulaya (haki ya pekee ya kutumia uvumbuzi) juu ya usindikaji wa unga wake, na mahakama ya The Hague haikuibatilisha nchini Uholanzi hadi 2018. Kinachouma hapo si Mholanzi kula teff. Ale ashibe! Kinachouma ni kujifanya mwenye mali.

Sheria haitakusaidia sana. Katika nchi nyingi hakimiliki hailindi orodha ya viungo na vipimo. Inalinda maelezo uliyoyaandika na picha ulizopiga. Kwa hiyo unaweza kuchukua mapishi ya bibi wa watu na usishtakiwe popote. Kinachobaki ni adabu.

Mama mmoja aliyenifundisha aliniruhusu niandike yote, isipokuwa chakula ambacho kwao hupikwa msibani tu. “Hicho usikiuze, mwanangu.” Vipimo nilikuwa nimeshaviandika. Nikauchana ukurasa, akaupokea, akautia jikoni chini ya sufuria, tukaendelea na pishi lililofuata.

Basi uliza kabla ya kuandika: kipi ni cha wote, kipi ni cha ndani? Taja jamii, na mtaje mwalimu wako akiridhia. Wengine hawataki jina lao lionekane. Ukipunguza pilipili, sema umepunguza, usiandike “asilia halisi”.

Hela ndiyo penye mgogoro. Patana kabla ya kuchapa. Mimi hutoa sehemu ya mauzo, maana malipo ya mara moja huzaa manung'uniko kitabu kikishika soko. Na jamii mbili jirani zikigombania chakula kilekile, usijifanye mwamuzi. Andika kwamba zote zinakipika.

Kama umejifunza kwenye video tu, pika ule na wenzako. Kuuza, subiri kwanza umpate mwenyewe aonje.