Fomu ya Django inapokataa kuhifadhi: soma kwanza jibu la seva

Kijana mmoja wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, anayejifunza Django (zana ya Python ya kutengenezea tovuti), ameniandikia juzi akiniita Yaya, yaani mkubwa wake: «Yaya, ninabonyeza Enregistrer (Hifadhi), ukurasa unarudi vilevile, na katika hifadhidata hakuna kitu.» Ninamjibu hapa hadharani, kwa kuwa najua wengi wenu mnaotaka kuishi kwa kazi hii mmekwama papo hapo, na kwa kuwa jina nililo nalo leo hapa Lubumbashi nililipata kwa fomu ya namna hiyo.

Mama mmoja anayeuza unga wa mahindi katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alitaka madeni ya wateja wake yatoke kwenye daftari na kuingia katika simu. Ofisi moja ya mjini ilikuwa imekwisha kumtengenezea programu na kulipwa, lakini fomu iliwapokea wateja wengine na kuwakataa wengine bila kusema neno. Nilipoomba kuutazama msimbo, mkubwa wa ofisi aliniuliza mbele ya watu nilisomea wapi. Sikumjibu, na swali lenyewe sijalisahau. Nilijaza fomu, nikaitazama seva, nayo ikaandika (POST ni ombi linalotuma data ya fomu): "POST /wateja/mpya/ HTTP/1.1" 200.

Namba hiyo ya mwisho ndiyo wanaoanza hawaisomi. Fomu ikihifadhiwa, kwa desturi tunampeleka mtumiaji kwenye ukurasa mwingine kwa redirect, na seva huandika 302. Ikiandika 200 baada ya POST, mara nyingi is_valid(), yaani ukaguzi wa Django wa data iliyojazwa, imekataa na fomu imechorwa upya. Ikiandika 403, tazama kwanza kama csrf_token, alama ya usalama ya fomu, imo katika kiolezo (faili la HTML linalochora ukurasa). Ukiona GET (ombi la kusoma ukurasa) badala ya POST, na majina ya wateja yamejipanga katika anwani ya kivinjari, basi hukuandika method="post" katika lebo ya <form>.

Niliongeza print(form.errors), inayochapisha makosa ya fomu, mahali ambapo is_valid() inashindwa, na sababu mbili zikatokea. Kisanduku cha simu kilikuwa na max_length=10 (herufi zisizozidi kumi), kwa hiyo mteja aliyeanza na 0 alipita, na yule aliyeandika +243 na tarakimu zake tisa, yaani herufi 13, alikataliwa. Sababu ya pili ilikuwa bei: sisi tumefundishwa shuleni kuandika 12,50 kwa mkato, ilhali DecimalField, kisanduku cha Django cha namba za desimali, hutaka nukta, isipokuwa umeiwekea localize=True na lugha ya programu ni Kifaransa. Wakubwa wale walikuwa wamevichora visanduku kwa mkono katika HTML na kuyaacha makosa ya kila kisanduku nje, kwa hiyo fomu ililalamika kila siku na hakuna aliyeipa mdomo. Mama yule hakuniuliza nilisomea wapi. Aliwaleta wauzaji wenzake.

Huyu wa Katuba, nilipomlazimisha kuchapisha form.errors, amekuta fomu inadai tarehe: ameiorodhesha katika fields za Meta (orodha ya visanduku vya fomu katika msimbo), lakini katika kiolezo hakuichora. Kabla ya hapo alikuwa amefuta mradi wote na kuuanza upya, jambo ambalo nawakatazeni kabisa. Vijana, someni makosa! Msibadilishe mstari hata mmoja kabla hamjasoma namba ya seva, na mkiisha kuisoma, chapisheni form.errors, kisha msome tena. Anayekimbilia kunakili msimbo wa mwenzake atanakili na ugonjwa wake.

Imebaki hali moja inayowachosha hata waliozoea, yaani seva inaandika 302 na bado hakuna kitu. Hapo form.errors haitakusaidia. Tafuta commit=False katika msimbo: huko Django imekuandalia kitu bila kukihifadhi, ili umwongeze kwa mfano mwenye duka, nawe umesahau kuita save() juu ya kitu hicho. Na kama fomu ina uhusiano wa wengi kwa wengi (mteja mmoja bidhaa nyingi, bidhaa moja wateja wengi), baada ya save() ita pia form.save_m2m(), la sivyo mteja ataingia bila bidhaa alizokopa.