Mji mgeni uingieni siku moja

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Unauliza nyumba ya Tabata, hapo Dar, muiuze au muipangishe, maana ofisi ya mumeo imehamia Mtumba, mji wa serikali huko Dodoma, naye anatangulia mwezi ujao, wewe na watoto mfuate mwakani. La nyumba nitalifikia. Lililoninyima usingizi ni hilo ulilolipitia juu juu, la mumeo kutangulia.

Mimi nasema siku zote: mume na mke mji mgeni wauingie siku moja. Umelisikia hilo tangu u mdogo, lakini sababu yake sidhani nimewahi kukueleza yote.

Mwaka 1986 baba yako alipohamishiwa Mwanza, mimi nilibaki Tanga kumuuguza bibi yako. Bibi alipopata nafuu ndipo nikamfuata kwa treni ya reli ya kati, na kikapu changu cha nazi, kwa kuwa niliambiwa kule ni za kutafuta. Tulipofika Kirumba kila mtu anamsalimia baba yako, naye anajibu kwa Kisukuma, watu wanacheka. Nilifurahi, nisiseme uongo. Kuingia ndani, mama mmoja jirani, mtu mwema kabisa, akanifuata jikoni: "Wifi, sufuria hukaa hapa chini. Sukari ile pale juu."

Jikoni kwangu mwenyewe! Nikasema ahsante. Ile ahsante mpaka leo haijashuka kooni.

Baba yako sikumtilia shaka, elewa hilo. Alikuwa ameishi tu, na angefanyaje? Amepata kinyozi wake, benchi lake la kahawa, muuza samaki wake pale Mwaloni. Mji ulikuwa wake, nami nilikuwa mgeni wake. Nikitaka kwenda mahali, naelekezwa. Nikisema hapa hapanipendezi, naonekana namsema yeye. Ilichukua muda mrefu kupata hata mtu mmoja niliyemjua mimi kabla yake.

Iringa unaikumbuka. Tulishuka wote usiku, baridi ile, hakuna ajuaye soko liko upande gani. Baba yako akapotea akitafuta mkaa, nikacheka hadi machozi. Kesho yake nikapotea mimi. Ule mji ulikuwa wetu sote tangu mwanzo.

Kweli, nyakati si zile. Tangu 2024 treni ya umeme ipo, mtu anaondoka Dar asubuhi na mchana yuko Dodoma. Mumeo anaweza kurudi kila Ijumaa. Na mjukuu wangu mkubwa yuko darasa la saba, mtihani Septemba, nani amtoe shule sasa? Hilo silipingi. Lakini treni hiyohiyo ndiyo inayonitia hofu, kwani itafanya kungoja kuwe kwepesi. Serikali yenyewe iliamua kuhamia Dodoma mwaka 1973, ikaja kuhama kwelikweli kuanzia 2016. Mwakani ni neno rahisi kutamka, mwanangu.

Kama hapana budi atangulie, basi asipange nyumba ambayo hujaiona. Achukue chumba kimoja, aishi kama mpitaji. Wikiendi moja panda treni umfuate, mzunguke pamoja Nzuguni, Kisasa, Ilazo; muulize maji hutoka siku zipi, upigwe na upepo wa kule na vumbi lake kabla hujasema pananifaa. Shule ya watoto mkaitazame wote wawili. Na vyombo vya jikoni usimfungie hata sufuria moja. Hizo utazipanga wewe.

Sasa Tabata. Nyumba ni yenu, mmeijenga kwa jasho lenu, tofali kwa tofali, na mimi si wa kuamua. Ingawa mtu akiuza kiwanja Dar... basi, naacha. Baba yako yuko hapa pembeni, ananikataza nisiseme neno, na ninalo neno, tena si dogo. Mkae kwanza mlimalize la kutangulia, wewe na mumeo, kisha unipigie. Ukiniuliza mara ya pili sidhani nitaweza kunyamaza.

Mama yako