Usiziache karatasi hizo mezani, dada

Dada, umesema kampuni inayonunua madeni imekushtaki huko Marekani, wakili wao amekuletea sentensi 18 za "kiri kwamba..." (kwa Kiingereza "requests for admission", yaani maombi ya kukutaka ukiri au ukane kila jambo), nawe unangoja siku ya mahakama ujieleze. Tafadhali usingoje. Kwa Kanuni ya 36 ya mahakama za shirikisho, yaani za serikali kuu ya Marekani, una siku 30 za kujibu tangu ukabidhiwe, na majimbo mengi yana kanuni inayofanana. Angalia ya jimbo lako leo hii. Muda ukipita kimya, unaweza kuhesabiwa umekiri kila sentensi, hata ile ya uongo. Inaniuma sana mtu akishindwa kesi kwa namna hiyo.

Jibu kila namba peke yake. Tuseme imeandikwa "Kiri kwamba unadaiwa dola 3,200", na ni kweli ulikopa ila kiasi si hicho. Andika: "Nakiri kwamba nilikopa, nakana kiasi kilichotajwa." Usikane yote kwa mkupuo wakati sehemu yake ni kweli. Na "sijui" tupu haitoshi: lazima ueleze kwamba umetafuta kadiri inavyowezekana, na ulichopata hakikuwezeshi kukiri wala kukana. Weka sahihi, mtumie wakili wao kabla ya muda kuisha, baki na nakala na risiti ya posta.

Kama siku zimeshapita, usikate tamaa. Iombe mahakama ikuruhusu kuuondoa ukiri huo. Jaji ana uwezo wa kukubali. Ofisi ya msaada wa kisheria iliyo karibu nawe ipigie simu kesho asubuhi, na uulize kama wana mkalimani.