Kabla Hujamwita Koko

Nilimkuta alfajiri ya mwezi wa Novemba, mvua za vuli zimekesha, amejikunyata barazani kwetu hapa Makorora, Tanga. Mbwa dume, rangi ya mchanga, mbavu unaweza kuzihesabu. Mama alitoka na birika lake la udhu, akamwona, akarudi ndani na kuubana mlango. "Mwanangu," akasema kwa ndani, "huyo koko mwondoe watu hawajaamka."

Ningemfukuza, wallahi. Kilichonizuia ni kamba. Alikuwa na kamba ya katani shingoni, ncha yake inaburuta kama shubiri mbili hivi, nayo haikukatwa kwa kisu. Ilikuwa imetafunwa, nyuzi zimechambuka kama mswaki wa mti. Mbwa asiye na mwenyewe hafungwi kamba. Huyu alifungwa mahali, akaitafuna mpaka ikaachia, halafu akatembea.

Ndiyo maana huwa nawaambia wanaonipigia simu wameokota paka au mbwa: usianze kumwita koko, wala usianze kumwita wako. Anza kumtazama.

Na umtazame kwa mbali. Kabla sijamsogelea yule mbwa nilikaa kwenye kigoda kama hatua kumi kutoka kwake, chai mkononi, nikamwangalia nusu saa nzima. Anatembea sawasawa au anapepesuka? Anakunywa maji ya dimbwi na kuyameza? Anashtuka ukiangusha kitu? Sote tunakijua kichaa cha mbwa kile cha mbio na kung'ata kila kitu. Kuna kingine kimya, nacho ndicho kinachowaponza wenye huruma. Mnyama amepoa, taya limelegea, udenda unamchuruzika, anashindwa kumeza. Mtu anadhani kakwamwa na mfupa, anamtia mkono mdomoni kumsaidia. Ukiona hivyo usimguse kabisa. Watoe watoto, mpigie afisa mifugo wa kata.

Hapa nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa kabla ya mbwa huyu nilimwokota paka kwenye mtaro, akanichana kwa kucha kisha akaniuma kidole gumba. Nikapaka spiriti, nikaendelea na kazi. Siku ya tatu jirani yangu muuguzi alikiona kidole akanigombeza mbele za watu. Alichoniambia nakiandika kama alivyokisema: jeraha la kung'atwa au kuchanwa na mnyama usiyemjua linaoshwa palepale kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kwa kutazama saa, siyo kwa kukisia, halafu unakwenda hospitali siku hiyohiyo. Siyo kitunguu, siyo pilipili, siyo kulifunga kitambaa likauke. Sindano ya kwanza ya kinga ya kichaa cha mbwa ni siku hiyo, nyingine hufuata siku ya 3 na ya 7, na daktari ndiye atakayesema kama zipo zaidi. Ugonjwa huu huweza kujificha wiki kadhaa, hata miezi, kwa hiyo kujiona mzima siyo dalili ya chochote, na ukishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona. Mnyama aliyeuma naye asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungiwa. Huangaliwa siku 10, na hali yake humsaidia daktari kuamua. Lakini wewe usizingoje hizo siku 10 ndipo uende.

Turudi barazani. Yule mbwa alikuwa mzima, ila kachoka. Nilimwekea maji kwanza kwenye kopo la rangi lililokatwa, kisha ugali laini na supu ya dagaa, ngumi moja tu. Mnyama aliyekaa na njaa siku nyingi ukimmwagia sufuria zima utamwumiza, kwa hiyo nilimpa kidogokidogo mara nne siku ile. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, hupasuka vipande vyenye ncha.

Sasa suala la mama, ambalo najua wengi wa pwani mnalo. Sisi ni watu wa Shafii, mate ya mbwa ni najisi kwetu, na sikutaka kumfanya mama aishi na wasiwasi ndani ya nyumba yake. Kwa hiyo tulipatana. Mbwa hapiti kizingiti, chombo chake ni chake peke yake na kinakaa nje, na akilamba chombo cha nyumbani kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Ndoo ya mchanga ikawekwa kando ya bomba. Baada ya hapo ugomvi uliisha. Kumpa kiumbe maji hakuna aliyekukataza. Mama mwenyewe ndiye aliyenikumbusha hadithi ya yule aliyesamehewa madhambi kwa kumteremkia mbwa kisimani na kumtekea maji kwa kiatu. Siku ya nne nilimfumania akimtupia makoko ya wali kupitia dirishani, uso kaugeuzia upande mwingine.

Kumtafuta mwenyewe ndiko kuliko na kazi. Nilimpiga picha tatu, nikazipeleka kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kijiwe cha bodaboda. Bodaboda wanajua geti gani lina mbwa gani, maana ndio wanaokimbizwa. Muuza maziwa naye anajua. Watoto wanajua kuliko wote.

Ila picha zile nilizipunguza kwa makusudi. Sikio la kushoto la yule mbwa lilikuwa na pengo nchani, mfano wa kona ya noti iliyoraruka. Hilo sikulionyesha wala kulisema. Wakaja watu wawili kudai mbwa ni wao, mmoja na mnyororo kabisa mkononi. Nikawauliza ana alama gani. Mmoja akasema ana kovu mguuni, hana. Wa pili akasema mbwa ni mbwa, alama ya nini. Wote wakaondoka kama walivyokuja. Ukiokota mnyama, bakiza alama moja moyoni mwako, na awe nayo huyo anayedai.

Baada ya siku tisa dereva mmoja wa bodaboda aliitambua picha. Mbwa alikuwa wa nyumba moja kule Raskazone. Mwenye nyumba alipata uhamisho, akamwachia mlinzi mbwa pamoja na pesa ya pumba. Mlinzi naye akapata kazi kwingine. Pale getini tulikuta kipande kilichobaki cha kamba, kimefungwa kwenye nguzo, na sufuria kavu.

Hivi ndivyo wengi wanavyotelekezwa: hapana anayesema namtupa, kila mmoja anamwachia mwenzake. Wengine huwatia paka watoto kwenye gunia, wakawamwage soko la samaki, eti watakula vichwa vya samaki. Paka mgeni hapati kichwa. Paka shume wenye mji wao wanamrarua. Tanzania tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, lakini sijaona mtu akiitaja wakati anafunga gunia.

Kwa kuwa nimegusa paka: ukikuta vitoto vya paka peke yao, usivibebe mara moja. Mama yao huenda yuko mawindoni, nawe ukisimama pale hatorudi. Ondoka, rudi baada ya saa kadhaa. Usivipe maziwa ya ng'ombe, vitaharisha. Na paka yeyote mwenye homa usimpe panado, hata robo. Inamuua.

Daktari wa mifugo alimchanja mbwa chanjo ya kichaa, akampa dawa ya minyoo na ya kupe, akaniandikia kadi. Kumhasi tulingoja anenepe. Nilimweka mbali na mbwa wa jirani wiki mbili nzima, kwa sababu mgeni anaweza kuja na parvo, ugonjwa wa virusi unaowaharisha mbwa, na ugonjwa ule hukaa ardhini miezi mingi hata yeye akishaondoka.

Mimi sikuweza kukaa naye, na sioni aibu kusema. Aliyemchukua ni mwalimu mmoja wa Chuda mwenye uwanja na ukuta. Kabla yake niliwakatalia wawili waliotaka "mbwa mkali wa kufungwa." Huyu alishafungwa. Swali nililomuuliza mwalimu lilikuwa moja: ukihamishwa kituo, mbwa anakwenda wapi? Alifikiri kwanza, akanitajia jina la shemeji yake. Nikampigia shemeji.

Mwezi wa Februari nikapigiwa simu na namba nisiyoijua, kutoka Dodoma. Mtu mwenye sauti ya kistaarabu, akanisalimu vizuri, akasema ameambiwa nina mbwa wake. Nikamuuliza alama. "Sikio la kushoto," akasema papo hapo, "alipigana akiwa mdogo."

Alikuwa ndiye. Nikamweleza mbwa yuko wapi, nani anamlisha, nikamwambia mwalimu yuko tayari kuzungumza naye, kadi ya chanjo anayo, aje wakutane. Akanyamaza. Kisha akauliza kama amenenepa.

Nikamwambia amenenepa. Akashukuru, akakata simu, na mpaka leo hajaja.